Chaki Chini ya Mshono

Rukia mwanangu,

Salaam aleikum. Ukishaitikia, kaa kitako. Usiisome barua hii umesimama na begi begani, nakujua. Utaikuta juu ya sanduku lako ukirudi kutoka Mambrui kumuaga bibi yako, na utashangaa kwa nini mtu anayelala chumba cha pili amekuandikia barua badala ya kugonga mlango. Sababu ni kwamba ulimi wangu wiki hii si wa kuaminiwa. Umeshasema neno ambalo mama hapaswi kumwambia mwanawe, na kila nikilikumbuka mwili unanisisimka. Basi ulimi nimeuweka pembeni, nimechukua kalamu, nimekaa hapa karakanani juu ya kopo kubwa la rangi ya kijani. Adhuhuri nimeshaswali na alasiri bado haijaadhiniwa.

Sitakwambia habari za kufunga mlango wala kula kwa wakati. Wewe ni mtu mzima, na Mariakani si ng'ambo. Wala siwezi kukufundisha namna ya kukagua matangi ya malori huko uendako, maana aliyesomea ni wewe. Nataka kukwambia kilichonipata tangu Jumatano, kwa sababu sehemu kubwa hukuiona. Bado nimeduwaa, Rukia. Ukiona naruka huku na huku, nivumilie.

Jumatano niliamka mtu mwenye raha. Ngazi ya chuo cha Kurani imekwisha, imepakwa rangi, inang'aa. Mzee Yusufali ameacha duka lake la vyuma akaja na kanzu iliyopigwa pasi, kwa kuwa ngazi ile ni sadaka yake, thawabu zimwendee marehemu mama yake. Maalim Athumani amewapanga watoto safu, kila mmoja na juzuu kifuani, wakingoja dua iishe wapande kwenye darasa jipya la juu. Mimi nimenawa mikono mpaka viwiko na bado inanuka chuma. Nikakuita uje. Nilitaka watu waone kwamba mama kaichomelea ngazi kwa mashine yake na binti kasomea kukagua. Nilitaka kujishaua, nisiseme uongo.

Wewe badala ya kusimama na wageni ukaenda kuinama chini ya ngazi na tochi yako. Ukatazama ile mikono ya chuma inayobeba ngazi nzima, kila mmoja umechomelewa kwenye bamba nene lililofungwa ukutani. Ukakwaruza rangi kwa ufunguo. Kisha ukaja ukanigusa begani.

"Mama, njoo pembeni nikwambie neno."

"Liseme hapa hapa. Mimi na chuma changu hatuna siri."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema sema!"

Ukasema kwa sauti ndogo, "Hii ngazi wasiipande kwanza."

Nimekuwa nikijiambia kwamba uliniaibisha mbele ya watu. Jana ndipo nilipokumbuka vizuri kwamba wewe uliniita pembeni, na mimi ndiye niliyekataa kwenda. Hilo nimelimeza kwa shida.

Mzee Yusufali akauliza kwani kuna nini. Ukatoa mikebe yako mkobani. Ukasugua mshono, pale nilipounganisha chuma na chuma kwa moto, hadi chuma kikaonekana, ukapuliza ile dawa nyekundu inayopenya penye ufa, ukangoja, ukaifuta yote, ukapuliza nyeupe juu yake kama poda ya mtoto. Tukatazama. Hakukuwa na kitu. Nikaanza kucheka, na watu wawili watatu wakacheka nami. Kisha ndani ya ule weupe ukatokeza mstari mwekundu, mwembamba, ukaenda ukifuata ukingo wa mshono wangu mahali unapokutana na bamba, mwanzo hadi mwisho. Ulikuja wenyewe, polepole, kama damu kwenye mkwaruzo. Mtu nyuma yangu akasema, "Subhanallah."

Hapo nilipaswa kuogopa. Mimi nikaona haya, na haya zikageuka hasira kabla sijavuta pumzi.

"Wee Rukia! Nimekulea kwa moshi wa mashine hii, leo waja kunikagua mbele za watu?"

"Sikukagui wewe, mama. Nakagua mshono."

"Mshono ni mimi!"

Nikasema hivyo, mtu mzima na akili zangu. Na sikuishia hapo. Nikasema, "Haya, nenda huko Mariakani. Lakini radhi yangu usiondoke nayo."

Maalim akasema, "Bi Zuhura, astaghfiri." Sikustaghfiri. Nilikutazama nikitaraji utalia au utaniomba msamaha. Hukufanya lolote kati ya hayo. Ulikwenda ukasimama kwenye daraja ya kwanza, mkono huku na mkono huku, ukabaki hivyo mpaka watoto wote wakarudishwa kwenye mikeka ya chini. Jioni ukapika, ukaandaa, ukasema, "Mama, karibu." Nikajifanya sikusikia. Mwanangu, ulinipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mimi nikaenda kulala na njaa kwa kiburi.

Alhamisi asubuhi nilichukua grainda na nyundo kubwa nikaenda chuoni kukuumbua. Usicheke. Hiyo ndiyo nia niliyotoka nayo nyumbani. Nilisema nitaukata mkono ule wa juu nusu, niugonge mbele ya Maalim, akiona haubanduki basi nitakwambia hata radhi ina masharti yake. Tukaikingia ngazi kwa boriti isije ikatuangukia. Nikakata pembeni, nikainua nyundo, nikapiga.

Pigo moja tu. Mkono ukaanguka chini, ukalia kwenye sakafu, na mimi nikabaki na nyundo hewani.

Haukupasuka, Rukia. Chuma kilichoshikana kikivunjika huacha meno meno, unaona kimeng'ang'ania mpaka mwisho. Huu ulibanduka, kama ukoko unavyobanduka sufuriani. Mshono ulitoka mzima, mzuri, magamba yake yamelala sawasawa vile watu wanavyoyasifia. Na kwenye bamba, mahali ulipokuwa umekaa, nikaiona chaki yangu.

Ule mstari niliouchora siku ya kupima, kujua mkono utakaa wapi. Ulikuwa pale pale, mweupe, umenyooka. Ngozi ya chuma bado ni ile ya dukani, haikuguswa. Bamba lingeyeyuka hata kidogo, chaki ingeondoka nalo. Halikuyeyuka. Nilikuwa nimemwaga chuma cha moto juu ya chuma baridi, kikaganda hapo, kikapendeza, nikakipaka rangi, nikawaita watoto.

Nilikaa chini. Maalim, na mwili ule unaoujua, alikuwa akiipanda ngazi hiyo kila asubuhi kwenda kufagia darasa la juu. Nilipomwonyesha chaki naye akakaa chini, kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe. Alishika tasbihi bila kuhesabu. 

Nikakata mkono wa pili. Chaki. Wa tatu. Chaki. Kila nilipopiga nilikuwa naomba ukatae. Nilifika ule wa chini kabisa, karibu na mlango, nikapiga. Haukutoka. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka mkono wangu ukafa ganzi na chuma chenyewe kikapinda, lakini mshono haukuachia.

Nikashangaa upya. Aliyechoma ni mimi, siku ni hiyo hiyo, chuma ni hicho hicho kutoka kwa Mzee Yusufali. Kwa nini mmoja ushike na mingine isishike? Nikakumbuka. Gesi ya mashine mpya iliniishia siku ile kabla sijamaliza. Ule wa mwisho niliuchoma kwa mashine yangu kuukuu ya fimbo, ile inayoyeyusha kijiti cha chuma.

Wewe utakuwa ulishalijua hili darasani, mimi nimelijua kwa nyundo. Mashine ya fimbo nimekuwa nayo tangu Mjomba Feruzi anifundishe kazi. Ina moshi, ina kelele, inarusha cheche mpaka ndani ya viatu, na ukimaliza una ganda la kugonga na kusugua. Lakini inazungumza. Moto ukiwa mdogo fimbo inanata, inakataa, unajua. Ukikolea unasikia inakaanga kama vitunguu. Hii ya gesi na waya niliyoinunua juzijuzi ni ya adabu sana. Haigombi. Niliipenda kwa sababu haitoboi vyuma vyembamba vya mageti, na unajua mageti yangu ya maua ndiyo yanayonipa jina hapa Malindi. Nikaweka swichi kwenye moto mdogo wa geti, na kuanzia siku hiyo sikuigusa tena ile swichi. Bamba la ngazi ni nene, linakunywa moto wote, na mimi bado niko na moto wa geti. Upepo nilikuwa nauogopa. Nilitundika magunia ili bahari isinipeperushie gesi, nikajiona hodari. Nikazuia kile ninachokijua, na kile nisichokijua kikapita mbele ya macho yangu kikiwa kimependeza.

Na mbona sikutazama? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana hili halikufundishwa kwenye darasa lako, ni letu sisi watu wa huku. Unaikumbuka amri ya Mjomba Feruzi. Chuma kisilazwe uchi. Kwetu chumvi haina subira, ukiacha mshono wazi jioni, asubuhi umeukuta na kutu ya rangi ya chai. Kwa hiyo toka nilipokuwa msichana nachoma nikiwa na brashi karibu, na rangi inaingia chuma kingali na joto, kabla ya magharibi. Nilijivunia hilo. Nilikuwa nikiwacheka mafundi wa bara wanaoacha kazi wazi siku nzima. Sasa nahesabu, kazi zangu zote hizo, ni nani aliyewahi kuuona mshono wangu kabla haujavaa? Hakuna. Hata mimi. Rangi ilikuwa ikinikinga na chumvi, lakini ilinikinga pia na macho ya watu, na hayo ya pili niliyapenda kuliko nilivyokubali.

Nakwambia kwa nini niliyapenda. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilichoma madirisha ya nyumba moja kule Kilifi, nikayamaliza vizuri, mwenye nyumba akasema anangoja mwanamume aje ayatazame. Akaja binamu yake, kijana wa kuuza simu, hajapata kushika fimbo maishani. Akazunguka na mikono nyuma, akagonga gonga kwa kidole, akasema, "Si mbaya, kwa mwanamke." Nililipwa, nikashukuru, nikapanda gari nikilia ndani ya buibui mpaka Malindi. Mambo kama hayo yalinitokea mara nyingi mpaka nikaapa kwamba hakuna mtu atakayeniinamia na tochi. Jumatano ulipoinama chini ya ngazi sikukuona wewe. Nilimwona yule muuza simu. Mtoto wangu wa kumzaa, nikamwona muuza simu!

Lakini yeye alinitazama mimi, hata mshono hakuuona. Wewe uliutazama mshono. Uliniambia mbele ya watu wote, nami nikakukemea. Naomba huko Mariakani uliseme vile vile kwa kila fundi, "sikukagui wewe, nakagua mshono," hata akikutukana, na wapo watakaokutukana. Utasimama mbele ya wanaume walioanza kuchoma kabla hujazaliwa. Wengine watakuwa wema sana kwako, watakuita binti yangu, watakununulia soda. Hao ndio wagumu kuwakatalia. Mimi nilikuwa mama yako, na nilikuwa nimekuvalisha nguo nzuri uje unisifu. Uliweza kunikatalia mimi. Sioni nani mwingine atakayekushinda.

Na uwahi. Usingoje kuletewa kazi iliyokwisha. Nilipokuwa natafakari jana niliona kwamba mimi ningeokolewa mapema sana, kabla hata ya dawa nyekundu. Mtu angekuja asubuhi ile akatazama unene wa bamba, akatazama swichi ya mashine, akauliza, "Bi Zuhura, huo moto wa geti mbona unachomea ngazi?" basi tusingefika hapa. Lile friji bovu lenye balbu ndani ninalotunzia fimbo zisinyonye unyevu, ambamo ulikuwa ukificha mahamri yako yabaki na joto, hata lile ni ukaguzi. Tazama fimbo zimelala wapi. Tazama chuma kimesuguliwa au kina mafuta. Simama karibu mtu akiwa anachoma, usikilize. Mwisho wa kazi umechelewa mno, nami nimelipata somo hilo mgongoni pa watoto wa watu.

Samahani, nimeanza kukufundisha na nilisema sitakufundisha. Nirudi.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda dukani kwa Mzee Yusufali. Nilichagua wakati duka limejaa. Nilikuwa nimekuvunjia heshima mbele ya watu, nikaona si haki nikurudishie heshima yako uchochoroni. Nikaweka ule mkono wa chuma juu ya kaunta, nikamwonyesha, nikasema, "Mwanangu kasema kweli, na mimi nilikuwa sijui." Mzee aliushika, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ule upande laini uliokuwa umelala juu ya chaki. 

"Thawabu niliyomtafutia mama," akasema, "ingekuwa..."

Hakumaliza, na wateja wakatazama chini. Halafu akauliza unaondoka lini, nikamwambia, akasema, "Asiondoke na kinyongo, Bi Zuhura. Mtoto kama huyo haachwi aondoke na kinyongo."

Nikatoka hapo nikaenda kwa Maalim. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa neno langu baya, basi nilitaka awe shahidi wa kulifuta. Nimelifuta mbele yake. Rukia, radhi yangu unayo. Ulikuwa nayo hata pale niliposema huna, maana aliyesema alikuwa kiburi changu, na kiburi hakikukuzaa. Nimestaghfiri sana. Nisamehe na wewe. Nakuomba kama mtu anavyomwomba mtu, si kama mama anayejua atasamehewa.

Sasa nikwambie nilichofanya tangu alfajiri leo, wakati nilipokwambia naenda sokoni. Sikwenda sokoni. Nilikuwa chuoni na mashine ya fimbo. Mabamba yote nimeyasugua mpaka yakang'aa kama kijiko, chaki nikaifuta kwa mkono wangu. Fimbo zilikuwa kavu. Moto niliukoleza mpaka nikaliona bamba lenyewe linalegea na kuingiana na mkono, na kila mstari nikagonga ganda, nikasugua, nikatazama, ndipo nikaweka mwingine. Mshono si mzuri. Una magamba makubwa, umevimba pale na pale, na yule muuza simu angekuwa na mengi ya kusema. Mikono inaniuma na jicho moja limeingia mchanga. Nadhani umeshika. Lakini ile ya kwanza nayo nilidhani imeshika, kwa hiyo kudhani kwangu nimekuweka kando.

Kopo hili nililolikalia ni lile la rangi ya ngazi. Bado limefungwa. Nimelikalia makusudi, maana jua likianza kushuka mkono wangu unaifuata brashi wenyewe, na naiona chumvi inakuja kama naona mgeni nisiyemtaka. Sitalifungua. Leo, kwa mara ya kwanza tangu Mjomba Feruzi aniweke kwenye kazi hii, chuma changu kinalala uchi.

Gari lako ni la kesho asubuhi. Toka mapema kidogo, upitie chuoni na tochi yako na mikebe yako yote miwili. Kutu itakuwapo kidogo, utaisugua. Usinihurumie, wala usifanye haraka kwa sababu ya safari, magari ya Mariakani hayaishi. Ukiuona mstari mwekundu, weka alama, nitakata tena, na dua itangoja, Mzee Yusufali kakubali ingoje. Usipouona, rangi utapaka wewe wa kwanza, mimi nitamalizia.

Hakuna atakayeipanda kabla yako. Utanikuta nimesimama kwenye daraja ya kwanza, pale pale uliposimama wewe, mkono huku na mkono huku.

Mamako,
Zuhura